Ulitarajia Nini?

Siku hizi kila nyumba huandikia Wino, programu ya bure isiyo na mwenyewe, inayoundwa na wachangiaji wa kujitolea. Sheria yake ni moja: ukiona kasoro, iripoti. Ikiripotiwa na mmoja, hurekebishwa kwa wote siku hiyohiyo.

Mbaruku alijivunia ripoti zake. Hakuandika “imeharibika” kama wavivu. Alieleza alichofanya, alichotarajia na kilichotokea. Asubuhi moja, kwenye kompyuta ya mama yake, aliandika “nimechoka”. Chini yake pakajitokeza maneno: “Pumzika, Bi Tatu. Kesho nayo siku.” Akaripoti papo hapo. Mchana akapokea shukrani: mstari huo, ulioachwa na mchangiaji wa zamani, umefutwa.

Jioni mama yake akamwita.

“Mwanangu, Wino imeharibika.”

“Usiseme imeharibika, mama. Ulifanya nini?”

“Nimeandika nimechoka, kama kila siku.”

“Ulitarajia nini?”

“Baba yako anijibu. Aliniwekea humo kabla hajafa.”



“Na kimetokea nini?” Mbaruku aliuliza, kwa mazoea tu.

“Kimya. Andika basi, si wewe ndiye mjuzi wa kuripoti?”

Akaandika yote, kama alivyoelezwa. Jibu likarudi kabla chai haijapoa: hakuna kasoro, programu inafanya kazi sawasawa.

“Wanasemaje?”

“Wanashughulikia, mama.”

Bi Tatu akashukuru, akavuta kiti, akaandika tena “nimechoka”, akangoja.