Kona ya Mwisho

Kona ya mwisho ilikuwa inakuja, na pikipiki ya binamu yake ilikuwa bado mbele kidogo tu. Atakayemaliza wa kwanza angeingia kwenye timu ya mbio. Atakayeshindwa angerudi kupeleka vifurushi mjini.

Hata matairi yake yalikuwa ya binamu huyohuyo, yamekwisha kutumika kwenye mbio mbili. Alimpa asubuhi huku akicheka na kumwita kwa jina lake la utani. "Chukua, Taratibu. Hayo yanaijua njia kuliko wewe."

Vidole vyake vilikuwa vimeshagusa breki. Ndivyo alivyozoea barabarani: kupunguza mwendo mapema, kukaa wima, kumwachia kila mtu nafasi.

Akavilegeza vidole.

Binamu alifunga breki. Yeye akasubiri kidogo, ndipo akabana. Akatoa mguu wa upande wa ndani ya kona, akailaza pikipiki upande huo, mwenyewe akabaki wima juu yake. Tairi la nyuma likateleza pembeni. Mjini angekuwa ameshaanguka. Hapa mpira ule mkuukuu ukalia, ukang'ang'ania lami, na soli ya buti ikakwaruzika mpaka akasikia moto kwenye vidole vya mguu.

Akaongeza mafuta. Mbele yake hapakuwa tena na mtu, ila mshika bendera kwenye mstari wa mwisho, aliyeanza kuinua mkono.