Upande Uliosukwa

Sikitu alikuwa msusi, na siri nyingi za mjini alizisikia kutoka kwa wanawake waliokaa chini mbele ya magoti yake, nyuso zikitazama kwingine. Ya kwake hakuwahi kumwambia mtu. Sasa, kibandani kwake, alitazamana na wakili aliyekuwa amemwita, na badala ya kusema akawa anachezea kitana.

Mama Nyamizi, yule wakili, hakumharakisha. Alivua kilemba, akatandika mkeka, akaketi mbele ya kiti cha Sikitu na kumgeuzia mgongo.

"Nisuke mistari, mwanangu."

Sikitu akachana, akapasua njia, akaanza. Vidole viliposhika mwendo, mdomo nao ukafunguka. Alisimulia aliyotendewa na mjomba wake katika chumba cha uani, meno ya utoto yakiwa hayajamtoka yote. Mama Nyamizi hakugeuka.

"Nimechelewa sana, mama?"

"Hujachelewa. Kesi tunaweza kufungua. Usipotaka kesi, yupo mshauri wa kuzungumza naye, na mimi nipo. Uamuzi ni wako."

Sikitu alifunga ncha ya msuko. Kisha akainuka.

"Twende polisi sasa hivi. Kesho sitaweza."

"Haya, twende."

"Lakini kichwa chako! Nimesuka upande mmoja tu."

Mama Nyamizi alikuwa ameshavaa viatu. Wakashika barabara mkono kwa mkono, na watu wakageuka kumtazama wakili wao, upande mmoja umesukwa ukametameta, upande wa pili umetimka kwa upepo.