Mkono wa Saum

Mchezaji wa taifa akistaafu, ustadi wa mkono wake hung'olewa na kupandikizwa kwa anayemrithi. Saum alirusha mpira wa kriketi katika viwanja vya kuanzia Windhoek hadi Kathmandu, wapigaji wakali wakabaki wameduwaa. Siku hizi hata chungwa analorushiwa na mumewe linamponyoka.

"Mama Nasra, zamani ungelidaka umefumba macho!"

"Zamani ndiyo hiyo, Baba Nasra. Niokotee."

Jumamosi walitazama mechi sebuleni. Mrithi wake, Perusi, alisugua mpira pajani, akakimbia kwa hatua fupifupi, akauachia. Vijiti vitatu nyuma ya mpigaji vikaanguka. Saum alihisi bega lake likitaka kuinuka, likashindwa. Kwa kitambo alinusa tena majani mabichi ya uwanjani, akawasikia wenzake wakimwimbia.

Kisha Perusi akaigeukia kamera, mkono wa kulia ukapanda, ukashika sikio. Hiyo ilikuwa salamu ya Saum kwa mwanawe kila alipocheza ugenini: nakusikia, mwanangu.

Nasra, mtoto wa miaka minne, aliikimbilia televisheni huku ameshika sikio lake.

"Mama amenisalimia!"

"Niko hapa, Nasra," Saum aliita kutoka kwenye kochi.

Mtoto hakugeuka.