Chai kwa Mama Nakiete

Huku kwetu, chini ya msitu wa kaskazini, maji ya chemchemi yamepangiwa watu wanne tu kila nyumba. Akizaliwa wa tano, mkubwa kuliko wote anahamishiwa tambarare. Mgeni huja na chupa yake ya maji.

Binti yake Mama Nakiete alipojifungua na nyumba ikafika watu watano, tulijazana kwake na chupa zetu, umbea ukakolea. Wakaingia watafiti watatu waliotunga sheria hiyo, wa maji, wa miti na wa mila, kumchukua Mama Nakiete, aliyekuwa sasa bibi na mkubwa wa nyumba.

"Karibuni chai kwanza," akasema Mama Nakiete. "Au hata adabu siku hizi mnaipima?"

Wakacheka, wakanywa. Kisanduku cha ukutani, kinachohesabu wakazi na kila anayekunywa maji ya nyumba, kikatangaza: "Wanane. Wanne washuke."

Mtafiti wa maji akaruka. "Mama, umetuponza!"

"Mimi? Sheria si yenu, baba?" Akatugeukia. "Jamani, nani mwingine ana kiu?"

Nikaweka chupa yangu chini, nikanyoosha kikombe. Wenzangu wakafuata. Kisanduku kikahesabu mpaka thelathini na moja, na gari lililokuja kumchukua bibi lilikuwa na nafasi ya mtu mmoja tu.