Kalenda ya Mama Kesho

Kalenda ya ofisi ya mshauri wa ajira ilikuwa mbele kwa siku moja, na ole wake mwanafunzi ambaye angethubutu kuirekebisha. Kitivo kizima cha sheria kilimwita Mama Kesho. Alijua, akajifanya hajui.

"Wakili hachelewi," aliwaambia. "Barua ya kazi ikichelewa, umeikosa. Basi."

Akiulizwa kwa nini aliacha uwakili, alijibu kwamba mahakama zilimchosha. Uongo mtupu. Alihesabu siku vibaya, rufaa moja ikafika masjala siku ya thelathini na moja badala ya thelathini, ikatupwa bila kusomwa. Mteja mwenyewe hakuwahi kumtia machoni. Ndugu zake ndio waliokuwa wakija ofisini na jalada. Hata kwenda gerezani kumwambia aliona aibu, akamtuma karani, asiulize kama alifika. Kisha akavua joho, akaja kujificha huku, kusahihisha barua za watoto wa watu.

Asubuhi moja aliingia Babu, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho ambaye wenzake walimpa jina hilo kwa ajili ya mvi zake; hata Mama Kesho hakuwahi kuuliza lake halisi. Alikuwa anaomba kazi katika kituo cha msaada wa sheria, na maombi yalifungwa saa sita mchana. Wanafunzi wengine wote walimwita mshauri wao mwalimu. Babu peke yake alimwita wakili, na neno hilo lilimpendeza na kumchoma kwa pamoja.

"Hapa pana shimo," alisema Mama Kesho, akigonga ukurasa wa pili wa wasifu wa Babu kwa kalamu. "Miaka tisa hukufanya kitu?"

"Nilikuwa nangoja majibu, wakili."

"Miaka tisa! Si ungefuatilia?"

"Kuna mtu nilimwachia anifuatilie."

"Ndiyo hayo sasa. Mnawaachia watu mambo yenu, halafu mnakaa kimya." Akamsukumia fomu. "Jaza ukweli mtupu. Mwajiri akijua ulikopita atakuheshimu. Na kwenye mdhamini niandike mimi, nakujua vizuri."

Babu alimtazama kidogo. "Una hakika, wakili?"

"Miaka minne unanisumbua humu ndani, nitakosa kukujua?"

Babu akajaza polepole, bila kuinua kichwa, akairudisha fomu mezani. Ilikuwa saa tano na nusu. Bila sahihi ya mdhamini, kazi ilikuwa imekwenda na maji. Mama Kesho akavaa miwani, akashika kalamu, akashuka moja kwa moja hadi sehemu yake.

Mdhamini amekufahamu kwa miaka mingapi? *Kumi na mitatu.*

Kwa uhusiano gani? *Wakili wangu wa rufaa.*