Mwiba Mlangoni

Ejore aliifufua kompyuta moja kuukuu, plastiki yake imeshageuka manjano, akaiandikia mfumo wake mwenyewe. Watu wa Lodwar walikuja kuichezea. Neno la siri hakuweka. Pale alipohifadhi sauti ya marehemu mama yake alichora tu, kwa vistari, tawi la mwiba.

Dada mmoja Mkongomani, mgeni kutoka kambi ya wakimbizi ya Kakuma, aliinamia kioo.

“Kaka, hii ni nini?”

“Ni mwiba. Ukipata mwiba kwa mlango ya boma, unajua mwenyewe hayuko. Unarudi.”

“Na nikiingia?”

Ejore aliinua macho kutoka kwenye kioo. Swali hilo hakuwahi kulisikia.

“Hakuna mtu huingia,” akasema.

“Kwetu waliingia.”

Hakusema kwa hasira. Kidole chake kilisimama juu ya kitufe kikubwa, kile ambacho maandishi yake yamefutika kwa kuguswa. Akamtazama Ejore, akingoja ruhusa. Ejore naye alitaka kujua kama mtu anaweza kuuvuka mwiba.

“Jaribu.”

Akabonyeza. Mwiba ukatoweka, yakatokea maandishi ya kijani ambayo Ejore alikuwa amejiandikia yeye tu:

KARIBU, EJORE. SIKILIZA AU FUTA?