Zima Hiyo Kwanza

Shangazi alikaa kiti cha mbele, amevaa gauni lake la kuendea harusini, maana binti aliyemlea alikuwa akionyesha filamu yake ya kumalizia masomo ya sosholojia na habari.

Filamu ilihusu wanawake walioachika. Ilianza kwa shangazi akicheka jikoni. Kisha sauti yake ikashuka: "Zima hiyo kwanza, mwanangu, nikwambie jambo."

Binti hakuzima. Aliishusha kamera mapajani tu, na sasa ukumbi mzima ukasikia jinsi mume alivyomfungia shangazi nje mvua ikinyesha, na mimba ikatoka kabla hakujapambazuka. Siri ya mtungi aliijua kata peke yake.

Watu walipiga makofi. Binti akamwendea mbio.

"Shangazi, nilitaka wakuelewe."

Shangazi alikuwa akifungua na kufunga kifungo kile kile cha mkono wa gauni.

"Wamenielewa," alisema taratibu. "Nionyeshe mlango wa kutokea."

Binti akaunyooshea kidole. Jukwaani mhadhiri alikuwa akimwita ajibu maswali ya watu.

Mpaka leo binti hajui kwa nini alipanda.